Barua ya wazi kwa viongozi wa afya mkoani Kigoma: Afundishwe kwanza, ndipo apewe dekio

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa halmashauri zote za mkoa,
Waganga Wafawidhi, wajumbe wa bodi za hospitali na kamati za vituo vya afya na zahanati.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkunga mstaafu, mkazi wa Ujiji. Nimefanya kazi katika vituo vya mkoa huu, vijijini na mjini. Ninachowaomba ni hiki: mtu yeyote asikabidhiwe dekio na ndoo katika hospitali, kituo cha afya au zahanati ya mkoa wa Kigoma kabla hajafundishwa usafi wa hospitali na kupimwa kama ameuelewa. Na gharama ya mafunzo hayo ibebwe na kituo chenyewe katika bajeti yake, isiachwe kwa mzabuni.

Nimetanguliza ombi kwa sababu najua meza zenu zina makaratasi mengi. Sasa nieleze.

Tazameni jinsi dada wa usafi anavyoanza kazi. Kampuni imeshinda zabuni na inahitaji watu haraka. Anapatikana binti wa Gungu, mama wa Katubuka, mwingine ametoka Buhigwe kutafuta maisha mjini. Anapewa sare yenye jina la kampuni mgongoni, gambuti kama zipo, na mwenzake aliyemtangulia anamwonyesha bomba lilipo na stoo ilipo. Kabla ya jua kutua siku hiyohiyo yuko leba, anafuta damu. Mkunga aliyesimama naye katika chumba hicho amekaa chuoni miaka mitatu kupata stashahada, na kukinga maambukizi amefundishwa tangu darasani. Wote wawili wanashika kitanda kimoja, na mama atakayelazwa hapo baada ya nusu saa anawategemea wote wawili.

Tunapomwambia dada huyu afanye usafi, anafanya ule anaoujua, wa nyumbani. Anafagia, anamwaga maji, anapiga deki, sakafu inang'aa na wageni wanasifia. Lakini mikono ya watu wodini haishindi sakafuni. Inashika reli ya kitanda, kitasa cha mlango, bomba, swichi ya taa, meza ya dawa, stendi ya dripu, mkanda wa kupimia presha. Vijidudu vinasafiri kupitia hapo, na hapo ndipo asiyefundishwa hafiki, maana kwa macho hapaonekani uchafu wowote. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai siku 7 juu ya kitu kikavu. Bakteria wa Staphylococcus aureus, wale wanaotia usaha vidonda vya upasuaji, hukaa wiki na hata miezi. Bakteria aitwaye Klebsiella, anayewaua watoto wachanga wetu kwa maambukizi ya damu, naye hana haraka ya kufa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata hospitalini angalau ambukizo moja ambalo hawakuja nalo. Mmoja kati ya kila 10 wa walioambukizwa hivyo hufa. Mama ametoka Uvinza na mimba salama, amejifungua salama, kisha siku ya nne anarudishwa na homa na harufu mbaya. Sisi wakunga tunaijua homa hiyo. Tunahangaika na dawa za sindano, ndugu wanauza mbuzi, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza kile kitanda kilifutwa na nini, kilifutwa vipi, na aliyekifuta alielekezwa na nani.

Katika vituo nilivyopita nimeliona dekio moja likitoka chooni, likapita koridoni, likaingia wodi ya wazazi na kumalizia chumba cha kujifungulia, kwa ndoo ileile na maji yaleyale. Aliyelishika hakuwa mvivu. Alikuwa anatokwa jasho. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba unaanza palipo safi unaelekea palipo pachafu, kwamba unafuta kutoka juu kushuka chini, kwamba kitambaa cha choo kina rangi yake na hakiingii kwingine, kwamba ufagio mkavu unainua vumbi na kulirudisha juu ya vidonda na mashuka, kwamba maji ya kupigia deki yakishakuwa meusi unachofanya ni kueneza. Mambo haya yanafundishika kwa muda mfupi kwa mtu yeyote mwenye akili timamu na mikono miwili. Hata aliyeishia darasa la nne anayaelewa akionyeshwa kwa vitendo.

Naomba nikae kidogo kwenye klorini, kwa sababu hapo ndipo nimeona madhara mengi zaidi na mjadala mdogo zaidi.

Ili kuua vijidudu palipomwagika damu tunatumia klorini ya asilimia 0.5. Jiki ya dukani yenye asilimia 3.5 unaichanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Ikiletwa nyingine yenye asilimia 5, kipimo kinabadilika: sehemu moja kwa tisa. Ukiletewa unga wa asilimia 70, unahitaji gramu 7 hivi kwa kila lita. Mzabuni ananunua kilichopo sokoni, leo hiki, kesho kile. Lebo imeandikwa Kiingereza na maandishi ni madogo. Dada anamimina kwa kukadiria, na kipimo chake ni harufu: ikimpiga puani anaamini ni kali vya kutosha. Ikiwa nyepesi mno, haiui kitu. Ikiwa kali mno, inamchoma macho na mapafu, inakula vyuma vya vitanda na kupasua magodoro, na godoro lililopasuka halisafishiki tena.

Halafu ipo kanuni ambayo hata baadhi yetu wenye vyeti tunaisahau. Klorini ikimwagwa juu ya bonge la damu, damu inaidhoofisha kabla haijafanya kazi. Lazima damu ifyonzwe na kuondolewa kwanza, paoshwe kwa sabuni, ndipo klorini ipakwe na kuachwa kama dakika 10 kabla ya kufutwa. Dawa iliyochanganywa jana haifai leo, na ikiachwa juani inakufa mapema zaidi, nanyi mnalijua joto la Kigoma. Na klorini haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Nimewaona wafanya usafi wakitoka chooni wanakohoa na machozi yanawatoka, wakidhani hiyo ndiyo kazi ilivyo.

Sasa niseme kuhusu sindano. Taka za wodini zina mapipa ya rangi tofauti, mekundu na ya njano kwa taka hatarishi, meusi au ya bluu kwa za kawaida, na sindano zina kisanduku chake ambacho kinapaswa kufungwa kikifika robo tatu. Tukubaliane kwamba sisi watoa huduma ndio tunaovuruga utaratibu huo. Daktari ana haraka, sindano inaangukia kwenye pipa la pamba, na anayekuja kubeba mfuko ni dada mwenye glovu nyembamba. Namkumbuka mmoja aliyechomwa mguuni na sindano iliyotokeza kwenye mfuko. Alinyamaza. Alifunga kitambaa akaendelea na kazi, kwa sababu aliogopa msimamizi wa kampuni angesema amefanya uzembe na kumwondoa. Niliambiwa wiki iliyofuata, na mwenzake.

Mtaalamu yeyote kati yenu anajua maana yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28. Wiki moja baadaye mlango huo umefungwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu katika miezi sita, na dada yule hakuwa amepata hata moja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, umetokana na sheria ya mwaka 2008, lakini fidia inahitaji taarifa ya ajali iliyoandikwa, na ajali yake haikuandikwa popote. Waswahili husema mficha maradhi, kilio humfichua. Huyu tulimfundisha kuficha, maana hatukuwahi kumwambia kwamba akichomwa ana haki ya kuja kaunta palepale, usiku au mchana, akapokelewa bila kuulizwa kwa nini.

Kwetu Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Hatujasahau Mei 2015, wakati maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini kwa awamu, na kipindupindu kikaingia katikati yao. Walikufa watu wapatao 30 katika wiki chache, wengi wao wakimbizi. Katika kambi ya kipindupindu klorini haina kipimo kimoja: ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, ya kumwagia kinyesi na matapishi hufika asilimia 2, mara 40 zaidi. Anayeshika ndoo hizo mbili ni mfanya usafi. Akizibadilisha, mmoja anaunguzwa mikono na mwingine anaondoka na ugonjwa miguuni.

Jirani zetu wa Kagera wamepata mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena mapema 2025 kule Biharamulo. Katika ule wa 2023 mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Ng'ambo ya ziwa letu ipo Kongo, ambako Ebola imezuka mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Ebola ilipoipiga Afrika Magharibi mwaka 2014, wafanya usafi wa hospitali walikuwamo kati ya watumishi walioambukizwa. Kila tunaposikia tetesi, tunaitwa semina: madaktari, wauguzi, watu wa maabara. Tunafundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga. Nimehudhuria semina za namna hiyo ambazo dada wa usafi aliingia ukumbini kukusanya chupa za maji tulipomaliza. Mgonjwa huyo akija kweli usiku kutoka Kibirizi, akatapika mapokezi, mnadhani ataitwa nani kufuta?

Nakuja kwenye mkataba, maana kiini cha tatizo kiko huko.

Ukimuuliza msimamizi wa hospitali kwa nini wafanya usafi hawajafundishwa, anasema hawa si watumishi wetu, ni wa kampuni. Ukiiuliza kampuni, inasema hospitali ndiyo yenye wataalamu, sisi tunaleta nguvukazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelekezo na mafunzo ya hatari za kazi yake. Lakini hebu tuseme ukweli: kampuni ndogo ya usafi haina muuguzi wa kufundisha kukinga maambukizi, na iliposhindana kwa bei ilikata kila kilichokatika. Kinachokatwa kwanza ni mafunzo, kinachofuata ni glovu nene. Kisha mkataba unaisha, anaingia mzabuni mpya na watu wapya, na wale wachache waliokuwa wameanza kuijua kazi kwa kuumia wanarudi mtaani kuuza dagaa. Hospitali inaanza upya kila mara mkataba unapobadilika.

Kwa hiyo ninaposema kituo kibebe gharama, sina nia ya kuwapunguzia makampuni mzigo. Mgonjwa ni wa hospitali. Mkataba ukihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mgonjwa anabaki kuwa wa hospitali, na ujuzi wa kumlinda unapaswa kubaki naye. Fedha za vituo siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti zao, na mpango wa kila mwaka unaandaliwa na nyinyi wenyewe. Weka humo kifungu cha mafunzo ya usafi, kwa jina lake, kisichohamishiwa mafuta ya gari.

Zabuni za usafi mnazoziweka kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, nazo zibebe masharti. Mzabuni asiruhusiwe kuingiza mtu wodini asiye na cheti cha mafunzo hayo. Mzabuni mpya awape nafasi kwanza waliokwisha kufundishwa katika kituo kile. Chanjo ya homa ya ini ianze kabla ya kazi. Cheti kiwe cha mtu, kwa jina lake, aende nacho Kasulu, Kibondo au Tabora akipata kazi huko. Nasikia hoja kwamba wakifundishwa wataondoka. Sawa, baadhi wataondoka, na watakwenda kusafisha kituo kingine cha Watanzania wakiwa wanaijua kazi.

Nani afundishe? Kila hospitali ina mtu wa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi, na mwongozo wa taifa upo. Chuo cha uuguzi cha Kabanga kipo, na chuo cha ufundi stadi cha VETA Kigoma kipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, kama mafundi magari na wapishi, na sioni sababu ya dada aliyepiga deki thieta miaka kumi asipimwe na kutambuliwa vilevile. Mafunzo yawe ya Kiswahili, yafanyike wodini kwa ndoo na kitambaa mkononi, yawe na picha zitakazobandikwa stoo pamoja na jedwali la vipimo vya klorini. Yasiwe ya kukaa hotelini kutazama ukuta. Na wasiachwe wahudumu wa afya na wakunga wa zamu ya usiku, maana mahali pengi wafanya usafi huondoka jioni na mtoto anazaliwa saa nane za usiku. Damu ile inamngoja nani?

Baada ya kufundisha, pimeni. Njia ipo na ni rahisi: msimamizi anaweka alama ya wino usioonekana kwenye reli ya kitanda, kitasa na bomba, kisha baada ya usafi anamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, kama zile za kukagulia noti. Alama ikiwa bado ipo, hapakufutwa. Anayeonyeshwa haaibiki, anajifunza. Hospitali 11 za Australia zilitumia njia hii kati ya 2016 na 2017 pamoja na mafunzo kwa wafanya usafi, na maambukizi ya aina moja ya bakteria sugu, enterokoka wasiosikia dawa ya vankomisini, yalipungua kwa asilimia 37. Aina nyingine mbili walizozifuatilia hazikubadilika sana, kwa hiyo sisemi kwamba mafunzo yatamaliza kila kitu. Nasema hata huko kwenye maji ya bomba saa zote na vifaa tele, kumfundisha anayesafisha kulileta tofauti iliyohesabika.

Vifaa navyo vinahitajika, bila shaka. Ukimfundisha mtu kutumia ndoo tatu, ya sabuni, ya maji safi na ya klorini, kisha ukampa moja, umemdhihaki. Kituo kisicho na maji ni habari nyingine inayostahili barua yake.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wanapopima kama kituo kina huduma ya msingi ya usafi, huangalia mambo mawili tu: kama kuna utaratibu ulioandikwa wa kusafisha, na kama watumishi wote wenye jukumu la usafi wamefundishwa. Wote, siyo baadhi. Ninawaomba mwanzo wa yote mfanye hesabu hiyo: kila kituo cha mkoa kitoe idadi ya wanaosafisha, wangapi wamefundishwa, wangapi wamechanjwa, na ajali ngapi za sindano zimeandikwa katika daftari. Hesabu hiyo haihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka Dodoma. Mnaweza kuipata kwa simu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mipango ya vituo inaandikwa miezi mingi kabla. Tunaomba kifungu hiki kiingie katika mpango unaofuata, na hesabu niliyoitaja ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo, ambako wagonjwa, ndugu zao na wafanya usafi wenyewe wataisoma. Niko tayari kujitolea kufundisha katika kituo chochote cha Manispaa ya Kigoma Ujiji mtakachonipangia, na wapo wastaafu wenzangu waliokubali kufanya hivyo Kasulu na Kibondo. Tunachosubiri ni barua yenu ya kuturuhusu kuingia wodini.

Wenu katika kuwahudumia wananchi,

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma.